Msamehe Dere, Usisamehe Bima

Mamangu alivunjika mguu akiwa amekaa ndani ya matatu, nauli ameshalipa. Naanzia hapo kwa sababu kila nikitoa hii stori, mtu wa kwanza huuliza, "Kwani alivuka barabara vibaya?" Hakuvuka barabara yoyote. Alikuwa kiti cha nyuma ya dere, ndoo ya mahamri katikati ya miguu, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ametoka Shika Adabu anateremka feri. Dere akaovateki lori, akakutana na lori jengine uso kwa uso, akakwepa, matatu ikaingia mtaroni. Mguu wa kulia wa mama ukavunjika mahali pawili.

Dere mwenyewe alikuwa mtoto wa mtaa. Nyumba yao ni ya tatu kutoka kwetu. Mamake na mamangu wamebebeana chumvi na sukari miaka mingi.

Wiki ya pili, mama bado yuko wodini, akaja jamaa mmoja na faili. Kampuni siitaji. Alikuwa mpole, amebeba na juisi. Akasema wametoa shilingi 15,000 za kusaidia matibabu, mama aweke tu sahihi hapa na hapa. Ami yangu alikuwepo, akaisoma juu juu, akasema haina neno. Mama akasaini. Ile karatasi ilikuwa inasema amelipwa madai yake yote na hatadai mtu yeyote tena.

Nilipomuuliza baadaye mbona hakungoja, alinijibu, "Mwanangu, ni ajali tu. Yule kijana ana watoto wawili. Nimshitaki ili nipate nini, wanawe walale njaa?"

Operesheni ikamaliza 15,000 kabla hata ya kuanza. Karo yangu ya muhula ikaingia kwenye chuma cha mguu. Nilikuwa mwaka wa pili chuoni. Sikurudi. Siandiki haya ili mnionee huruma, saa hii nina simu nzuri, nina nyinyi, na maisha yanaenda. Naandika kwa sababu ya kitu nilichokuja kukijua nikiwa nimechelewa.

Wakili mmoja anayefuatilia kurasa zangu aliniuliza ajali ilikuwa lini. Nikamwambia. Akanyamaza kidogo, halafu akasema sheria ya Kenya inakupa miaka 3 kufungua kesi ya kuumia. Sisi tulikuwa kwenye miaka 3 na miezi 4. Kisha akasema jambo ambalo ndilo lilinifanya nikose usingizi: kama mama angeshitaki akashinda, yule dere pengine asingetoa hata shilingi moja. Ingelipa bima.

Yaani mama alidhani anamsamehe jirani. Aliyesamehewa ilikuwa kampuni.

Nikaanza kusoma. Nilitaka kujua hii "ni ajali tu" yetu imetoka wapi, na hii sheria ya nani-ana-makosa imetoka wapi. Nimekuta historia ambayo hakuna mwalimu aliyewahi kunifundisha, na sehemu kubwa inatuhusu sisi wa ng'ambo hii: Likoni, Kisauni, Changamwe, watu ambao kila siku lazima wapande kitu ndipo wafike kazini.

Kabla ya gari

Watu wengi wa Pwani wakisema "ni kazi ya Mungu" wanafikiri wamefunga mjadala. Tuanze basi na dini yenyewe. Surat An-Nisaa, aya ya 92, inazungumzia mtu aliyemuua mwenzake kwa bahati mbaya. Kwa bahati mbaya, sikiza vizuri. Hakukusudia. Na bado aya inaamrisha familia ya marehemu ipewe diya, isipokuwa wenyewe waamue kusamehe. Kwa hivyo kusema ilikuwa bahati mbaya hakufuti deni. Ndipo deni linapoanza.

Na nani analipa hiyo diya? Hapa ndipo niliposimama nikasoma mara mbili. Kwa kifo cha bahati mbaya, mafakihi waliweka ngamia 100 kwa mwanamume, na mzigo haukuwa wa yule mtu peke yake. Ulibebwa na akila, yaani jamaa zake wa upande wa baba, na wakapewa hadi miaka 3 kumaliza. Walijua mtu mmoja hawezi kulipa ngamia 100. Kumfilisi yeye na wanawe kungezaa maafa mengine. Kwa hivyo kila mmoja anatoa kidogo, aliyeumizwa anapata haki yake, na aliyekosea anabaki na nyumba yake.

Wamijikenda nao walikuwa na fidia ya damu, wanaiita kore. Mambo yalikwenda mbele ya wazee, na yalikuwa ya ukoo kwa ukoo, hayakuwa ya mtu mmoja na mwenzake.

Sisemi turudi huko. Mifumo hiyo ilikuwa na dhuluma zake, hasa kwa wanawake na watumwa. Na Kadhi wa Kenya leo hana mamlaka ya diya, Katiba imempa mambo ya ndoa, talaka, mirathi na hadhi ya mtu. Ninachosema ni hiki: wazo la kwamba ukiumia kwa bahati mbaya unyamaze, halikutoka kwa mababu zetu. Hao walikuwa wanadai.

Sheria iliyokuja na meli

Sheria tunayotumia saa hii mahakamani mzizi wake ni Uingereza. Na Uingereza yenyewe ilianza vibaya sana.

Mwaka 1808 kulikuwa na kesi ya Baker na Bolton. Jamaa na mkewe walikuwa wamepanda gari la farasi la abiria, wako juu kabisa. Ndio, juu ya gari, wale ndio walikuwa wenye kuning'inia wa wakati huo. Gari likapinduka. Mke akaumia, na baada ya kama mwezi mmoja akafa hospitalini. Mume akashitaki. Jaji akasema anaweza kulipwa kwa kukosa msaada wa mkewe mpaka siku ile aliyokufa. Kuanzia hapo, hakuna. Kifo chenyewe hakikuwa kitu cha kudaiwa mahakamani. Kwa maneno mengine, kwa mwenye gari ilikuwa nafuu kuua kuliko kuvunja mguu.

Mwaka uliofuata, 1809, ikaja kesi ya Butterfield na Forrester. Forrester alikuwa anatengeneza nyumba yake, akaweka mti ukaziba sehemu ya barabara. Butterfield akaja na farasi mbio, jioni giza linaingia, akajikwaa akaanguka. Mahakama ikasema ungekwenda pole pole ungeuona, kwa hivyo hupati chochote. Hiyo ikawa kanuni: ukiwa na kosa lako, hata dogo, umepoteza yote.

Kilichobadilisha mambo ni treni. Ajali za reli zikaua watu wengi kwa pamoja, na mwaka 1846 Bunge la Uingereza likapitisha sheria ya kuruhusu familia kudai kwa kifo. Haikupita kwa huruma tu. Wafu walikuwa wengi mno kufichika.

Halafu ikaja motokaa. Tarehe 17 Agosti 1896, London, mama mmoja aitwaye Bridget Driscoll aligongwa na gari akafa, mtu wa kwanza anayetembea kwa miguu kuuawa na motokaa nchini Uingereza. Uchunguzi ukaisha kwa maneno mepesi: kifo cha ajali. Ni ajali tu. Kumbe hata wao walikuwa wanasema hivyo.

Sasa shika hiyo tarehe, halafu uweke hii pembeni yake: 12 Agosti 1897. Hiyo ndiyo siku ambayo sheria zetu zinaitaja mpaka leo. Sheria ya Mahakama ya Kenya, Sura ya 8, inasema tutatumia sheria ya kawaida ya Kiingereza na zile sheria za jumla zilizokuwa zinatumika Uingereza tarehe 12 Agosti 1897, pale mazingira ya Kenya yanaporuhusu. Mwaka mmoja kasoro siku tano baada ya yule mama kugongwa. Mombasa wakati huo ndiyo kwanza reli inaondoka kwenda bara. Tukapokea sheria ya magari kabla hatujapokea magari.

Na tulipokea na ile kanuni ya Butterfield. Uingereza waliiondoa mwaka 1945, wakasema badala ya kukosa yote, kosa ligawanywe. Kenya nayo ikafuata baadaye. Leo mahakama ikiona umestahili shilingi 600,000 lakini wewe mwenyewe ulichangia asilimia 30, unapata 420,000. Hukosi yote. Lakini nenda baraza yoyote ya Likoni leo, uwaambie fulani aligongwa akivuka. Utasikia, "Aa, alivuka mwenyewe, hapo hana kesi." Huyo anayeongea anatoa hukumu ya mwaka 1809. Jaji alishaiacha zamani. Sisi ndio tumebaki nayo.

Matatu na thadi pati

Wakoloni ndio walioleta sheria ya lazima ya bima ya gari, miaka ya 1940. Ndiyo ile Sura ya 405, mpaka leo iko. Inasema gari lisiingie barabarani bila bima ya kulinda watu wengine. Sisi tunaita thadi pati. Wale watu wengine ni wewe abiria, wewe unayetembea, wewe wa pikipiki uliyegongwa.

Lakini matatu zilikuwa zinakimbia pembeni ya sheria. Mwaka 1973 Rais Kenyatta alitangaza kwamba zinaweza kubeba abiria bila leseni zile za mabasi. Kwa mtu wa Changamwe au Kisauni hiyo ilikuwa baraka, usafiri ukapatikana na vijana wakapata kazi. Ilibidi ifike 1984 ndipo Bunge likabadilisha sheria ya trafiki kuziingiza ndani ya mfumo. Halafu ikaja Michuki. Kanuni zilitoka 2003, zikaanza kutumika tarehe 1 Februari 2004: mikanda, kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa, msitari wa manjano, idadi ya abiria. Wengi wenu mnaosoma hii mlikuwa hamjazaliwa au mlikuwa mnanyonya. Waulize wazazi, watakwambia wiki ile watu walitembea kwa miguu mpaka mjini kwa sababu matatu nyingi hazikuwa zimetimiza masharti.

Sasa rudi kwa akila. Bima ni nini kama si akila mpya? Wenye magari elfu na elfu, kila mmoja anatoa kidogo, pesa zinakaa kapu moja. Mmoja akikosea, kapu linalipa. Lile jambo mamangu alilokuwa analiogopa, kwamba watoto wa dere watalala njaa, lilishafikiriwa. Jina la dere na la mwenye gari litakuwa kwenye karatasi za kesi, hilo ni kweli, na atakereka kuitwa. Lakini hukumu ikitoka, sheria inaiambia kampuni ya bima ilipe. Kwa mtu mmoja italipa mpaka shilingi milioni 3. Ikizidi hapo ndipo mwenye gari anafuatwa.

Na ile nauli uliyolipa, sehemu yake ndiyo iliyonunua ile stika kwenye kioo. Mama alikuwa analipia bima hiyo kila asubuhi kwa miaka kumi na kitu. Siku aliyoihitaji, akapewa 15,000 na juisi.

"Walijazana wenyewe"

Siwezi kuwa mtoto wa Likoni niandike kuhusu kosa nisitaje Mtongwe.

Ijumaa, tarehe 29 Aprili 1994, asubuhi, feri ya MV Mtongwe I ilitoka Mtongwe ikielekea kisiwani na watu waliokuwa wanakwenda kazini. Uwezo wake ulikuwa watu 300. Ndani walikuwa zaidi ya 400. Ilipinduka ikiwa kama mita 40 tu kutoka ufukweni. Watu 272 wakafa. Mita 40, yaani walioachwa nchi kavu waliwaona.

Mimi sikuwa nimezaliwa. Lakini nimekua nikisikia sentensi moja ikirudiwa na watu wazima, tena watu wa hapa hapa: "Walijazana wenyewe, kila mtu alikuwa na haraka." Imesemwa mpaka imekuwa kama ndiyo sababu.

Hebu tuipime. Mtu anayekwenda kazini saa moja asubuhi anajua feri inabeba wangapi? Ana mashine ya kuhesabu? Aliye na funguo za geti ni nani? Anayesema "sasa tosha" ni nani? Sheria ya uzembe kazi yake ni kuuliza hayo: nani alikuwa na wajibu wa kuwa mwangalifu, nani aliweza kuzuia, nani hakuzuia. Aliyechukua jukumu la kukuvusha maji ana wajibu juu ya roho yako. Haraka yako haimwondolei.

Miaka 25 baadaye, Jumapili tarehe 29 Septemba 2019, gari lilirudi nyuma likateleza kutoka MV Harambee katikati ya kivuko cha Likoni. Ndani kulikuwa na mama na bintiye mdogo. Ilichukua siku 13 kuwatoa. Mnakumbuka mitandaoni? Kabla hata gari halijapatikana, watu walishaanza: mbona hakuvuta breki ya mkono, mbona hakufungua mlango, mbona hakuruka. Watu wakamuhoji maiti. Wachache waliuliza mbona mlango wa nyuma wa feri hauwezi kuzuia gari lisianguke.

Nadhani tunafanya hivyo kwa sababu inatutuliza. Ukisema yeye alikosea, unajiambia wewe hutakosea, na kesho unapanda tena. Kwa sababu lazima upande. Lakini kila tukimlaumu aliyeumia, tunamfanyia kazi ya bure yule ambaye angetakiwa kulipa.

Isiwe kama nauza ndoto

Kuna watu watakuja kwenye komenti waniambie bima za Kenya hazilipi. Wana haki. Kampuni zilizokuwa na matatu nyingi zimeanguka moja baada ya nyengine. United Insurance iliwekwa chini ya msimamizi mwaka 2005. Blue Shield ikafuata 2011. Invesco ikaingia kufilisiwa 2024. Kampuni ikianguka, mtu aliyeshinda kesi anabaki na hukumu aitundike ukutani, na mwenye matatu anaanza kufuatwa yeye kwa mali yake. Akila ikikimbia, mambo yanarudi kwa mtu mmoja.

Na sisi pia si malaika. Kuna ajali za kutengenezwa. Kuna watu huongezwa kwenye abstrakti na siku hiyo walikuwa wamelala nyumbani. Kuna madalali wanaozunguka wodini kuliko manesi. Kila dai la uongo linakula kapu la aliyeumia kweli, na linawapa makampuni sababu ya kumtazama kila mtu kama mwizi. Ukijulikana umepanda ajali ambayo hukuwepo, usije kuniomba nikupigie kelele.

Halafu kuna tatizo kubwa zaidi, mfumo wenyewe wa kosa. Anayedai ndiye anayethibitisha. Ukigongwa usiku pale Magongo na lori likakimbia, hakuna nambari, hakuna shahidi, mguu wako umevunjika vile vile lakini huna wa kumshitaki. New Zealand waliliona hilo. Tangu 1974 wana mfuko wa taifa unaomlipa aliyeumia kwa ajali bila kuuliza kosa ni la nani, na wakakubali kuachana na kesi za kuumia. Wao wanauliza umeumia kiasi gani, basi. Najua sisi si New Zealand, hatuna pesa zao. Lakini kwamba swali linaweza kubadilishwa, hilo nilitaka mlijue. Na ukiangalia vizuri, swali lao liko karibu na la wazee wetu kuliko la yule jaji wa 1809.

Sasa fanya hivi

Hii sehemu piga picha ya skrini, mtumie mama, shangazi, na yule ndugu yako wa boda.

Ajali ikitokea na unaweza kusogea, au una mtu anayeweza, piga picha nambari ya gari na stika ya bima kwenye kioo. Dakika moja tu. Baada ya saa moja gari limeshavutwa na kioo kimevunjika.

Ripoti polisi, uchukue nambari ya OB, halafu ufuatilie abstrakti. Hiyo karatasi ndiyo inayosema gari la nani na bima ya nani. Bila hiyo unaongea hewani.

Hospitalini weka kila kitu: kadi, karatasi za matibabu, picha za eksrei, risiti mpaka ya panadol. Jaza fomu ya P3. Mahakama inalipa gharama ulizothibitisha, na risiti ndiyo ushahidi.

Ulikuwa abiria? Jua kwamba wewe ndiye mwenye kesi nyepesi kuliko wote. Hukuendesha. Magari mawili yakigongana unaweza kuwashitaki wote wawili, wao wagawane kosa. Lakini funga mkanda, kwa sababu bila huo unaweza kukatwa asilimia yako.

Miaka ni 3 tangu siku ya ajali. Gari likiwa la serikali, miezi 12 tu. Mtoto, hesabu yake inaanza akifika 18. Na kama dai halizidi shilingi milioni 1, ulizia kuhusu Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi nchini 2021. Sheria yake inataka kesi imalizwe ndani ya siku 60.

Na kubwa: usisaini kitu ukiwa kitandani. Mtu akija na faili, mwambie aiache, utaisoma. Kama ni halali, kesho itakuwa bado halali.

Mama amesema

Nilimsomea mama hii posti kabla ya kuiweka. Anatembea, lakini mvua ikikaribia mguu unamwambia kabla ya anga. Mahamri anapikia nyumbani, mjini hateremki tena. Dere bado ni jirani. Mwezi wa Ramadhani huwa analeta sahani ya futari kwetu, mama anampokea vizuri, anamuuliza watoto wanaendeleaje.

Alisikiza mpaka mwisho. Akaniuliza, "Kwa hivyo ningeshitaki, yule kijana asingelipa?"

Nikamwambia pengine asingelipa. Bima ndiyo ingelipa.

Akakaa kimya, akifunga kitambaa cha ndoo. Halafu akasema, "Mimi nilimsamehe yeye. Wale wa faili sikuwasamehe. Hakuna aliyeniambia kama wapo."

Ndio maana naweka hii hapa. Ile aya ya diya imewaachia wenye haki nafasi ya kusamehe, na kusamehe ni jambo zuri, mamangu amenifundisha hivyo. Lakini msamaha ni wa mtu anayejua anachodai na anamdai nani. Mwenye kusaini karatasi asiyoielewa, kwa 15,000, akiwa na maumivu, huyo hajasamehe. Ametolewa kwenye haki yake kwa adabu.

Ukiwa na mtu wako aliyeumia chini ya miaka 3 iliyopita, usiweke komenti hapa. Mpigie simu kwanza, muulize tarehe.